Derby ya Epsom haifi kwa kukosa watazamaji

Jumamosi ya Juni 7, 2025, farasi aitwaye Lambourn alishika uongozi mapema katika Derby ya Epsom, mbio za farasi zilizo mashuhuri kuliko zote Uingereza, na hakuuachia mpaka nguzo ya kumalizia. Mpandaji wake alikuwa Wayne Lordan, na mkufunzi wake ni Aidan O'Brien wa Ireland, aliyeshinda mbio hizo kwa mara ya 11. Hakuna mkufunzi mwingine katika historia nzima ya Derby aliyefikia idadi hiyo, na kwa kawaida hiyo ndiyo ingekuwa habari ya siku. Haikuwa. Kilichozungumzwa baada ya hapo ni majukwaa. Walioingia kwa tiketi walikuwa zaidi kidogo ya 22,000, wakati mwaka uliotangulia walikaribia 27,000, na katika enzi za babu zao watu waliofurika Epsom siku ya Derby walihesabiwa kwa malaki. Wachambuzi wakaanza kuandika tanzia. Wengine wakasema mbio zirudishwe siku ya kazi kama zamani, wengine zifupishwe, wengine wakawatupia lawama matajiri wa kigeni, na wapo waliosema wazi kwamba zama za Derby zimekwisha.

Mimi naona mjadala huo umeshika pasipostahili. Derby haikuanzishwa ili kujaza uwanja, wala heshima yake haikutokana na wingi wa watu. Imeheshimika kwa sababu kwa miaka 245 ndiyo imekuwa mtihani unaoamua ni farasi gani wazae kizazi kijacho cha farasi wa mbio, na si Uingereza peke yake bali Ireland, Ufaransa, Marekani, Japani na kwingineko. Swali la kuuliza ni kama mtihani huo bado unachuja. Jibu langu ni kwamba unachuja vizuri sana, lakini wapo wanaoupuuza, na wanaoupuuza si wale waliobaki nyumbani Jumamosi ile. Ni wanunuzi wa minadani na wenye mashamba ya kuzalishia farasi. Hatari yote ya Derby iko mikononi mwao, na huko ndiko macho hayaelekei.

Ili jambo hili lieleweke lazima turudi pale ilipoanzia. Katika karne ya 18, mbio kubwa za farasi Uingereza zilikuwa za farasi waliokomaa, wa miaka mitano au sita, waliokimbia masafa marefu ya kama kilomita sita, tena kwa raundi kadhaa katika siku moja. Farasi aliyeshinda alikuwa shupavu, lakini mmiliki wake alisubiri miaka mingi kabla ya kujua ana mali gani mkononi. Taratibu wafugaji wakaanza kutaka jibu la mapema. Mwaka 1776 zikaanza mbio za St Leger huko Doncaster kwa farasi wa miaka mitatu. Mwaka 1779 Lodi Derby, wa 12 wa ukoo wake kushika cheo hicho, akaanzisha Epsom mbio za farasi majike wa umri huo huo, zikapewa jina la nyumba yake, Oaks, na farasi wake mwenyewe, Bridget, akashinda. Mwaka uliofuata, Mei 4, 1780, zikakimbiwa mbio mpya ambazo madume pia waliruhusiwa, zikaitwa Derby. Simulizi maarufu inasema jina liliamuliwa kwa kurusha sarafu kati yake na Sir Charles Bunbury, aliyekuwa mtu mzito katika utawala wa mbio. Kama Bunbury alishindwa kwenye sarafu, alijilipa uwanjani, maana mshindi wa kwanza, Diomed, alikuwa wake.

Mwanzoni umbali ulikuwa maili moja tu. Baada ya miaka michache ukaongezwa hadi maili moja na nusu, yaani zaidi kidogo ya mita 2,400, na hapo ndipo njia ya Epsom ikapata umbo lililoitofautisha na nyingine zote. Uwanja huo uko juu ya vilima vya nyasi kusini-magharibi mwa London, na haukusawazishwa na mtu. Farasi wakianza tu wanakabiliwa na mwinuko: katika nusu ya kwanza ya safari wanapanda kama mita 40, urefu wa jengo la ghorofa kumi na zaidi. Wakifika kileleni, kabla mapafu hayajatulia, njia inainama na kuwapeleka chini kwa kasi huku ikipinda kushoto kuelekea kona ya Tattenham. Hapo farasi mwenye mwili mzito au bega lililosimama sana anaanza kuyumba, anabadilisha mguu wa kuongoza kwa wakati usiofaa, na mpandaji analazimika kukaza hatamu wakati wenzake wanaachia. Wakitoka kwenye kona wanabakiwa na kama mita 700 za moja kwa moja, lakini hata hapo ardhi imelalia upande wa ndani, kwa hiyo farasi aliyechoka anavutwa kuelekea kwenye uzio, anamgonga jirani yake, anapoteza mwendo. Na hatua za mwisho kabisa zinapanda tena. Kasi peke yake haitoshi hapo, pumzi peke yake haitoshi, na farasi mwenye wasiwasi huwa amekwisha kujimaliza kabla ya kufika kilele. Workforce alipomaliza safari hiyo kwa dakika 2 na sekunde 31.33 mwaka 2010, akaweka rekodi ambayo Lambourn hakuisogelea, alikuwa amefaulu masomo yote hayo kwa pamoja.

Kuna sharti la pili ambalo watu huliona dogo na ndilo linaloifanya Derby kuwa Derby: farasi huikimbia akiwa na miaka mitatu tu, kwa hiyo nafasi ni moja maishani. Na waliohasiwa hawaruhusiwi, kwa sababu asiyeweza kuzaa hana cha kuthibitisha hapo. Uzito wa sharti la umri ulionekana mwaka 1844. Farasi aliyeingizwa kwa jina la Running Rein alifika wa kwanza, lakini minong'ono ilikuwa imeanza kitambo kwamba huyo si mtoto wa miaka mitatu. Kanali Jonathan Peel, ambaye farasi wake Orlando alikuwa wa pili, akapinga matokeo, shauri likafika mahakamani, na Lodi George Bentinck akakusanya ushahidi kama mpelelezi. Umri wa farasi husomwa kwenye meno, kwa hiyo jaji akataka farasi mwenyewe aletwe akaguliwe kinywa. Hakuletwa. Alikuwa amefichwa, na kesi ikaporomoka. Ilibainika kwamba jina lake halisi ni Maccabeus na alikuwa na miaka minne. Orlando akatangazwa mshindi. Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu linaonyesha watu wa mbio walijua wanalinda nini. Wangeweza kusema mashabiki wamefurahi, mbio zimekuwa nzuri, yaishe. Badala yake walikwenda hadi mahakamani kutetea usafi wa kipimo.

Umati nao ulikuwepo, na siudharau. Vilima vya Epsom vilikuwa wazi kwa kila mtu, mwenye nacho na asiye nacho, na reli ilipofika katikati ya karne ya 19 London ilihamia huko kwa siku moja. Kwa miaka mingi ya karne hiyo Bunge la Uingereza liliahirisha vikao siku ya Derby. Ilikuwa sikukuu ya taifa bila kuandikwa kwenye kalenda. Kwa sababu ya umati huo huo, Emily Davison, mwanaharakati wa haki ya wanawake kupiga kura, aliichagua Derby ya Juni 4, 1913, akaingia njiani na kugongwa na Anmer, farasi wa Mfalme George V. Alifariki siku nne baadaye. Alijua kwamba lililotokea Epsom siku ile lingefika kila nyumba ya Uingereza.

Sikukuu hiyo imeyeyuka, na hilo ni kweli. Lakini imeyeyuka kwa sababu zilizoyeyusha sikukuu nyingi za aina yake. Mfanyakazi wa London leo ana likizo, ana runinga, ana simu inayomwonyesha mbio zote na kumruhusu kubeti akiwa kitandani. Mwaka 1995 waandaaji walihamisha mbio kutoka Jumatano, siku ya jadi, wakazipeleka Jumamosi wakitumaini familia zingekuja, na badala yake zikajikuta zikigombea watu na kila kitu kingine kinachofanyika Jumamosi ya kiangazi. Wanaotaka zirudishwe Jumatano wana hoja, na mimi ningeunga mkono jaribio hilo. Wana hoja pia wanaosema tiketi ni fedha: uwanja usiojaa hauwezi kutunza nyasi, majukwaa na zawadi, na tozo ya kisheria inayotoka kwenye faida ya makampuni ya kamari haitoshi kuziba kila pengo. Hayo nayakubali. Nisichokubali ni hatua inayofuata katika hoja yao, kwamba majukwaa yakipungua watu basi mbio zenyewe zimepungua thamani. Hapo wanachanganya hali ya mfuko wa mwenye uwanja na hali ya mtihani.

Tazama nasaba ya huyo Lambourn aliyekimbia mbele ya viti vitupu. Baba yake ni Australia, aliyeshinda Derby mwaka 2014. Babu yake ni Galileo, aliyeshinda mwaka 2001. Vizazi vitatu mfululizo, baba, mwana na mjukuu, wote washindi wa mbio zile zile, juu ya vilima vile vile. Galileo ameongoza orodha ya madume wazazi wa Uingereza na Ireland mara 12 na kuzaa washindi watano wa Derby, idadi ambayo hakuna dume mwingine aliyewahi kuifikia: New Approach, Ruler of the World, Australia, Anthony Van Dyck na Serpentine. New Approach naye akamzaa Masar, mshindi wa 2018. Frankel, mwana mwingine wa Galileo, akamzaa Adayar, mshindi wa 2021. Mwaka 2023 alishinda Auguste Rodin, ambaye baba yake, Deep Impact, ni mshindi wa Derby ya Japani na mama yake ni binti wa Galileo. Mwaka 2024 akashinda City of Troy, mwana wa Justify aliyetwaa mataji yote matatu makuu ya Marekani mwaka 2018, na mama yake pia ni binti wa Galileo. Mtihani uliochoka hautoi matokeo ya namna hii. Alichokionyesha Galileo siku moja ya Juni 2001 kimerithiwa na watoto na wajukuu.

Hoja dhaifu kuliko zote, na bahati mbaya ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa zaidi vijiweni, ni kwamba Derby imekufa kwa sababu imenunuliwa na wageni: masheikh wa Ghuba, Aga Khan, matajiri wa Ireland na Marekani, kwamba Mwingereza wa kawaida hana tena wa kumshangilia. Hoja hii inahitaji mtu asahau historia yote ya mnyama anayezungumziwa. Kila farasi wa mbio wa nasaba ya Kiingereza duniani, ukifuata upande wa baba mpaka mwisho, anafika kwa mmoja wa madume watatu walioingizwa Uingereza kutoka Mashariki mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Darley Arabian alinunuliwa Aleppo, Syria, akafika Uingereza mwaka 1704, na walio wengi mno kati ya farasi wa mbio wa leo ni uzao wake. Sheikh Mohammed wa Dubai alipoliita zizi lake Godolphin, alichukua jina la mmoja wa hao watatu. Damu ilitoka Uarabuni na nchi jirani, ikapimwa na kuchujwa Uingereza, na sasa wenye asili ya huko wanarudi na fedha zao kuipima tena. Anayeona uvamizi hapo ameanza kusoma hadithi katikati.

Jina la Aga Khan linatuhusu moja kwa moja sisi wa Afrika Mashariki. Tunalijua kwa hospitali za Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kisumu, kwa shule, kwa magazeti ya kampuni ya Nation likiwemo Taifa Leo. Wazee wa Dar es Salaam walisimulia jinsi Aga Khan wa tatu alivyopimwa kwenye mizani kwa almasi mjini humo mwaka 1946. Wachache wetu wanajua kwamba wakati huo alikuwa tayari ameshinda Derby mara tatu, na kabla ya kufariki alifikisha tano: Blenheim mwaka 1930, Bahram 1935, Mahmoud 1936, My Love 1948 na Tulyar 1952. Mjukuu wake, Aga Khan wa nne, aliyeishi sehemu ya utoto wake Nairobi, alishinda mara tano pia, kuanzia Shergar mwaka 1981 hadi Harzand mwaka 2016. Shergar alishinda kwa tofauti ya urefu wa farasi kumi, pengo kubwa kuliko yote katika historia ya mbio hizo, akiwa amepandwa na kijana wa miaka 19, Walter Swinburn. Miaka miwili baadaye, usiku wa Februari 8, 1983, watu wenye silaha walimteka kutoka shamba la Ballymany nchini Ireland, na hakuonekana tena. Hasara hiyo haikuwa ya zizi moja. Dume aliyefaulu kuliko wote alipotea baada ya msimu mmoja tu wa kuzalisha.

Aga Khan wa tatu alilaumiwa sana Uingereza alipomuuza Blenheim Marekani mwaka 1936, na lawama zikazidi alipowauza pia Mahmoud na Bahram miaka ya vita. Alionekana kama mtu anayebeba hazina ya taifa na kuipeleka ng'ambo. Tuangalie kilichotokea. Blenheim alimzaa Whirlaway, aliyetwaa mataji yote matatu ya Marekani mwaka 1941. Mahmoud, yule wa rangi ya kijivu ambaye muda wake wa 1936 ulibaki rekodi ya Derby mpaka 1995, alizaa huko Marekani jike aitwaye Almahmoud. Almahmoud akamzaa Natalma. Natalma akamzaa Northern Dancer. Northern Dancer akamzaa Nijinsky, aliyeshinda Epsom mwaka 1970, akamzaa pia Sadler's Wells, ambaye ndiye baba wa Galileo. Kwa maneno mengine, Lambourn aliyeshinda mwaka 2025 ana damu ya yule farasi wa kijivu ambaye Waingereza walilia kuuzwa kwake. Iliondoka kwa meli, ikazunguka Marekani na Kanada, ikarudi Epsom ikiwa na nguvu zaidi.

Wala halikuwa jambo geni. Diomed mwenyewe, mshindi wa kwanza kabisa, alidharauliwa kwao, akauzwa Virginia mwaka 1798 kwa gini 50 akiwa mzee wa miaka 21. Marekani akawa mmoja wa madume wakuu waliojenga nasaba ya nchi hiyo. Ndiyo maana kilio kwamba Derby imetoka mikononi mwa Waingereza hakinigusi. Imekuwa ikitoka tangu mshindi wake wa kwanza, na ilikua kwa sababu ya kutoka. Ireland ilianzisha Derby yake mwaka 1866, Ujerumani 1869, Kentucky 1875, Japani 1932. Kenya nayo inayo yake, inayokimbiwa Ngong, Nairobi. Ya kwetu ilikuja na walowezi, na enzi zao Mwafrika aliruhusiwa kuwa saisi wa kumsugua na kumlisha farasi, si mwenye farasi. Nimesimama Ngong nikiwatazama wapandaji na wakufunzi wa leo, wengi wao vijana waliokulia mazizini humo na kujifunza kazi kwa mikono, na siwezi kusema kwamba mbio hizi zimepoteza kitu kwa kupata wenyewe wapya.

Hoja yenye uzito, ambayo haijajibiwa ipasavyo na watetezi wa Derby, ni ya umbali. Ufaransa mwaka 2005 ilifupisha Derby yake, Prix du Jockey Club, kutoka mita 2,400 hadi 2,100. Sababu ilikuwa wazi: soko linataka farasi wenye kasi, na wamiliki wa farasi wazuri wa masafa ya kati walikuwa wakizikwepa mbio ndefu. Matokeo si mabaya. Washindi wake baada ya hapo ni pamoja na Shamardal na Lope de Vega, madume wazazi wa daraja la juu, na mwaka 2023 Ace Impact alishinda mita 2,100 za Juni kisha akashinda mita 2,400 za Arc de Triomphe, mbio kubwa za Paris, mwezi Oktoba. Mtetezi wa hoja hiyo atakuonyesha pia Delacroix. Alikuwa ndiye aliyetegemewa zaidi Epsom mwaka 2025, na Ryan Moore, mpandaji namba moja wa O'Brien, alimchagua yeye badala ya Lambourn. Akamaliza wa tisa. Wiki nne baadaye huyo huyo akashinda mbio za Eclipse huko Sandown, Uingereza, kwenye mita 2,000 dhidi ya farasi wakubwa kwa umri. Kama mtihani unamwacha nyuma farasi wa namna hiyo, wanauliza, unapima nini?

Jibu ni kwamba unapima kile ambacho mita 2,000 haziwezi kupima. Michezo ya kasi ina mbio zake nyingi na fedha zake nyingi. Farasi wa maili moja ana mbio ziitwazo 2000 Guineas, wa mita 2,000 ana Eclipse na nyingine kadhaa, wa mbio fupi kabisa ana kalenda nzima. Mahali pa kuuliza kama farasi wa miaka mitatu anaweza kubeba kasi ya maili moja hadi maili moja na nusu, akipanda, akishuka na kupinda, ni Epsom. Ukizifupisha mbio hizo utapata washindi wazuri, kama Ufaransa ilivyopata, lakini utakuwa umeondoa swali. Na farasi wa mbio kama jamii ya wanyama ametengenezwa na swali hilo. Federico Tesio, mfugaji mashuhuri wa Italia, alisema kwamba farasi huyu yupo kwa sababu uteuzi wake haukutegemea wataalamu wala wanasayansi, ulitegemea kipande cha mti: nguzo ya kumalizia ya Derby ya Epsom.

Shida ni kwamba nguzo hiyo haisikilizwi kama zamani. Pour Moi, mshindi wa 2011, na Wings of Eagles, mshindi wa 2017, waliishia kupelekewa majike wa kuzaa farasi wa kuruka viunzi. Workforce, mwenye rekodi ya muda, aliuzwa Japani mara tu alipostaafu. Authorized, mshindi wa 2007, alipelekwa Ufaransa na baadaye Uturuki, na mwanawe maarufu kuliko wote, Tiger Roll, alishinda Grand National mara mbili, mbio za zaidi ya kilomita sita zenye viunzi. Sababu ni mnada. Mnunuzi wa mtoto wa farasi wa mwaka mmoja anataka mali itakayokimbia na kurudisha fedha akiwa na miaka miwili. Farasi wa Derby hukomaa polepole. Anahitaji mmiliki mwenye subira na mfuko usioyumba, na wamiliki wa namna hiyo wanapungua. Sheikh Hamdan wa Dubai na Mwanamfalme Khalid Abdullah wa Saudi Arabia, waliofuga kwa ajili ya mbio za aina hii kwa miaka 40, walifariki mwaka 2021. Aga Khan wa nne alifariki Februari 2025, na mashamba sasa yako chini ya binti yake, Zahra.

Wanapopungua wengi, anabaki mmoja. Mwaka 2019, farasi 7 kati ya 13 waliokimbia Derby walitoka zizi la O'Brien. Sina neno baya dhidi ya mtu huyo. Yeye na wenye Coolmore, mashamba ya Ireland ya kuzalishia farasi ambayo yeye huwafundishia farasi wao, wamebaki waaminifu kwa maili moja na nusu wakati wengine wameikimbia. Lakini mtihani ambao zaidi ya nusu ya watahiniwa wanatoka shule moja unapoteza kitu, hata kama shule hiyo ni bora. Unapoteza upana wa damu. Mwaka 2025 zizi la Godolphin lilikuwa na Ruling Court, mshindi wa 2000 Guineas, likamtoa siku ya mbio kwa sababu ya mvua iliyolainisha ardhi. Uamuzi huo ulikuwa haki yao. Ila unapokuwa na wapinzani wachache wa kweli, akijitoa mmoja shimo linaonekana.

Kuna wanaopinga mbio zote za farasi kwa ajili ya ustawi wa wanyama, na mwaka 2023 mmoja wao aliingia njiani Epsom wakati Derby inakimbiwa. Hao sitawajibu kwa haraka haraka, maana swali lao kuhusu farasi wanaovunjika na wanaotupwa baada ya kustaafu ni swali halali linalostahili majibu ya vitendo. Nitasema tu kwamba soko linalotaka kasi ya miaka miwili linamkimbiza mnyama mifupa yake ikiwa bado haijakomaa, na kwamba kurudisha thamani ya farasi anayekomaa polepole kungesaidia upande huo pia.

Kwa hiyo Jockey Club, inayomiliki uwanja wa Epsom, inapokaa kupanga jinsi ya kurudisha watu, na iwarudishe. Ifungue vilima zaidi, ishushe bei za tiketi, ijaribu Jumatano. Lakini fedha nzito ziende kwingine: kwenye zawadi kwa wafugaji wanaozalisha farasi wa maili moja na nusu, kwenye mbio za matayarisho za Mei ambazo zimekuwa zikikimbiwa na farasi wachache, na kwenye motisha ya kuwabakiza washindi wa Derby katika mashamba ya Uingereza, Ireland na Ufaransa kwa misimu yao ya kwanza, wapewe majike wazuri wa kutosha ili wahukumiwe kwa haki. Galileo asingejulikana alivyo kama angeuzwa akiwa na miaka minne. Kipimo cha kama juhudi hizo zimefaulu hakitasomwa kwenye mageti ya Juni ijayo. Kitasomwa baada ya miaka kumi hivi, kwa kuangalia wana wa Lambourn watakuwa wakikimbia wapi, na mazizi mangapi tofauti yatakuwa yameleta farasi kupambana nao.